Mawe Tuliyoyapika Malindi

Miaka ya themanini, kampuni moja iliyokuwa ikitafuta mafuta katika pwani yetu ilikodi nyumba Malindi ikaifanya maabara. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni karibuni na cheti changu cha kemia. Mama aliwaambia majirani kuwa nafanya kazi ya dawa, kwa sababu hakujua aseme nini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikipika mawe.

Mawe hayo yalichimbwa kutoka chini kabisa ya ardhi, katika visima vya kampuni, yakaletwa kwetu katika mifuko ya kitambaa. Yalikuwa meusi, na mengine yakimong'onyoka ukiyafinya. Tuliyaponda, tukayatia pamoja na maji ndani ya chungu kizito cha chuma, tukakaza kifuniko kwa bolti, kisha tukakiingiza kwenye tanuri la umeme kwa siku kadhaa. Ardhi huyapika mawe ya namna hiyo polepole, kwa miaka isiyohesabika. Sisi tulizidisha moto ili tupate jibu upesi. Jiwe likiwa na mabaki ya kutosha ya viumbe wa bahari ya zamani, ukifungua chungu baada ya kupoa unakuta mafuta yanaelea juu ya maji, na gesi imejikusanya. Likiwa halina kitu, unakuta matope tu.

Mwenzangu pale tanurini alikuwa mtu wa bara, wa upande wa ziwa, aliyepanga chumba hapohapo Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo. Kiswahili chake kilinichekesha. "Chungu imepoa," anasema. "Kimepoa," namsahihisha. Siku ya pili anarudia kosa lilelile, huku akinitazama kwa jicho la pembeni, na hapo nikajua kuwa anafanya makusudi. Basi tukapendana hivyo, katikati ya vumbi la mawe. Dini zetu zilikuwa mbalimbali, naye alisema yuko tayari kuja kuongea na baba baada ya Idi. Nilipomwambia mama, alilia siku nzima. Kesho yake akaniuliza, "Huyo mtu wako, anapenda kula nini?"

Idi ilikuwa haijafika. Asubuhi moja tuliingia kazini tukakuta mshale wa kipimo cha presha umepita alama nyekundu. Kidhibiti joto kilikuwa kimekwama, na tanuri lilikuwa likizidi kuwaka.

"Toka nje," akaniambia. "Toka sasa hivi."

Nilikimbilia uani, chini ya mti wa mkilifi, nikidhani yuko nyuma yangu. Kumbe alikuwa amebaki. Swichi kubwa ya umeme ilikuwa ukutani kando ya tanuri, naye alikwenda kuizima. Nikasikia mshindo, madirisha yakamwagika vioo, na mvuke mweupe tele ukatoka mlangoni. Nililiita jina lake mpaka sauti ikanikauka.

Hospitalini walimfunga bendeji uso na mikono. Nilikaa karibu naye kila waliponiruhusu. Alasiri moja alizinduka kidogo.

"Chungu imepoa?" akauliza.

"Imepoa," nikamjibu.

Akafa kabla mama yake hajafika.

Mama huyo alisafiri kutoka ziwani na shemeji yake mmoja. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, amekumbatia kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Alinitazama sana, akaliangalia buibui langu, kisha akasogea akaniachia nafasi. "Ni wewe," akasema. "Alikuja Krismasi akaniambia iko msichana huko Malindi anamfundisha kuongea."

Nikaketi. Nililia kifuani mwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, naye akanipapasa mgongo kana kwamba aliyefiwa ni mimi peke yangu. Baadaye akauliza, "Mlikuwa mnapika nini mpaka moto imuue mtoto yangu?"

"Mawe, mama."

"Mawe?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza: kisima, chungu, mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali kwangu angekasirika.

"Na yalitoa mafuta?"

"Hatujajua bado."

Nilitaka kwenda naye kuzika. Baba alikataa. Alisema kwa upole kwamba sikuwa mke, na kwamba huko nitakaa kwa nani? Nilisimama barabarani, gari lililobeba jeneza likaondoka na mama yake akiwa ameketi mbele, akitazama moja kwa moja mbele yake.

Kulikuwa na chungu kingine, katika tanuri la chumba cha pili, chenye jiwe kutoka kisima kilekile. Mkuu wetu wa maabara alisema hanilazimishi kukifungua. Nilikifungua mwenyewe. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wa mafuta, wa rangi ya chai ya rangi, uliotosha kuchafua ncha ya kidole. Mkuu aliutazama akatikisa kichwa. Mafuta yapo, alisema, lakini si ya kumfanya mtu achimbe.

Kampuni ikafunga virago. Mafundi walikuja wakaweka vioo vipya, wakapaka chokaa, nyumba ikarudishwa kwa mwenyewe. Mimi nikapata kazi ya kufundisha kemia katika shule moja Kilifi. Posa zilikuja nyumbani, moja baada ya nyingine, na mama akawa anazirudisha yeye mwenyewe kabla baba hajaniuliza.