Sentensi Niliyoitunga Kando ya Reli

Harufu ya samadi mbichi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji na kupakwa juu ya sakafu ya udongo hunirudisha mpaka leo katika darasa la tatu, Voi, mwaka 1969. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, wasichana walitumwa ng'ambo ya reli kuteka maji kwenye bomba la nyumba za wafanyakazi wa reli. Tukirudi, tulipiga magoti na kusiriba sakafu kwa viganja, kuanzia ubaoni hadi mlangoni, ili vumbi lisitimke wiki iliyofuata. Wenzangu waliipenda harufu ile kwa sababu ilimaanisha kwamba wiki imekwisha. Mimi niliichukia. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kibao.

Kibao kilikuwa kipande cha mti wa mwerezi, kipana kama kiganja cha mtu mzima, kilichotobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Aliyesikika akisema Kidawida cha kwetu, Kikamba au hata Kiswahili katika saa za shule alivishwa shingoni, naye akakaa nacho hadi amnase mwingine na kumvisha. Kengele ya mwisho ya Ijumaa ikilia, aliyekutwa nacho alichapwa mbele ya shule nzima. Akikutwa nacho Ijumaa tatu katika muhula mmoja, mzazi wake aliitwa. Kufikia mwezi wa Julai mimi nilikuwa nimekutwa nacho mara mbili. Nilianza shule Januari 1967 nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mrefu kuliko kila mtoto wa darasa la kwanza, na baba alinikubalia kwa sharti lililosemwa mbele ya mama. “Shule hiyo nimekupa nikikuangalia, Mghoi,” alisema. “Siku mwalimu ataniita kwa ajili ya mdomo wako, mbuzi wanakungoja.” Baba yangu hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Muhula ule mwalimu wetu alitufundisha jinsi Kiingereza kinavyoonyesha mahali. Aliweka kikombe cha bati chini ya meza yake, akatutaka tusisitishe sentensi kwenye “under the table” peke yake bali tutangulize neno dogo la kuipa nguvu: “right under the table.” Akakipandisha rafuni, nasi tukaimba “high up on the shelf.” Alitutuma tutembee, na kila hatua tuitangaze: moja kwa moja kuvuka chumba, polepole kando ya ukuta, mbali kabisa na dirisha. Nilistaajabu kuona kwamba Waingereza hawaridhiki kutaja mahali tu. Neno dogo hutumwa mbele kama mtu wa kupiga hodi, kisha mahali penyewe panafuata. Nilipenda mpango ule kuliko somo lolote. Usiku nilijipangia jozi zangu kitandani, na darasani nilikuwa wa kwanza kuzipata zote bila kukosea. Nasema hivi bila haya, kwa kuwa majivuno yale nayo yana sehemu yake katika yaliyofuata.

Ijumaa ya pili ya Julai tulitumwa watatu. Mkawasi, rafiki yangu tangu utoto, alitangulia. Mimi nilimfuata kwa mbali, na nyuma yangu alikuja Wakesho, kiranja wetu, akiwa amevaa kibao. Kilikuwa shingoni mwake tangu asubuhi, na kengele ya mwisho haikuwa mbali. Aliyevaa kibao alikuwa na uhuru mmoja wa ajabu: aliweza kusema lugha yoyote, maana adhabu alikuwa nayo tayari. Wakesho aliutumia uhuru huo kunichokoza kwa Kidawida, hatua kwa hatua, akisubiri nijibu.

“Leo umemeza ulimi, bibi arusi? Wa rika lako wanabeba watoto, wewe unabeba debe.”

Mkawasi, bila kugeuza shingo, alimjibu kwa Kiingereza cha madaha: “The water is very heavy, madam.”

“Wewe sikusemi. Namsema huyu mama mzima wa darasa la tatu. Mghoi, baba yako keshakuchagulia mbuzi wa kuanza nao?”

Machozi yalinilenga, lakini midomo niliibana. Jua lilikuwa kali, upepo ukivuma kutoka mgongoni mwetu na kupiga miti ya michongoma. Kando ya njia kulikuwa na mbigili, nasi tulikwenda miguu mitupu, kwa hiyo Mkawasi alipanda katikati ya reli akaanza kukanyaga mataruma yanayolala chini ya reli, moja baada ya jingine. Debe lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na macho yake yalikuwa yameinama kutafuta pa kukanyaga. Tulikatazwa kupita pale. Tulipita pale kila Ijumaa.

Ndipo nikaliona toroli. Lilikuwa gari dogo la mafundi wa njia, lisilo na injini, ambalo wenyewe hulisukuma penye tambarare na kuliacha lijiendee penye mteremko. Lilikuwa limefika kwenye nguzo ya ishara, likituelekea, na upepo ulikuwa ukiupeleka mlio wake kule lilikotoka. Wanaume wawili waliokuwa juu yake walitupa mgongo, wakishikilia mzigo wa vyuma uliotaka kuporomoka. Mkawasi hakuliona. Wakesho naye hakuliona, kwa kuwa alikuwa amenifikia begani akiutazama mdomo wangu.

Nilifungua mdomo huo. Neno la Kidawida lilikuwa tayari ulimini, fupi, ambalo hata mtoto wa miaka miwili analijua. Nikalimeza. Nikaanza kutunga: toroli linakuja, “the trolley is coming.” Linakuja vipi? Moja kwa moja kukuelekea, “straight towards you.” Kupitia wapi? “Along the line.” Nikajiuliza kipi kitangulie, wewe au reli, kwa kuwa mwalimu alisema mpangilio ndio adabu ya sentensi. Toroli lilikuwa limekwisha kuiacha nguzo na kuingia mteremkoni. Niliipanga sentensi ile mara mbili kichwani, na mara ya pili ilikamilika bila dosari hata moja, lakini koo halikuitoa. Badala yake likatoka lile neno la Kidawida, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Mkawasi aliruka. Debe lilianguka upande mmoja, yeye upande mwingine, na mguu wake wa kushoto ukabaki juu ya chuma. Sitaeleza zaidi. Wale mafundi walimfunga kwa shati na kukimbia naye kuelekea stesheni. Wakesho alikuwa akilia kwa sauti, na huku akilia hivyo alivua kibao shingoni mwake akanivisha mimi. Sidhani alijua alichokuwa akifanya. Mikono yake ilikuwa imezoea. Niliingia nacho uwanjani. Mwalimu alikitazama, akanitazama mimi, kisha akaandika jina langu. Jumatatu baba aliitwa. Alisikiliza yote, akasema, “Haya,” na Jumanne nilitoka na mbuzi.

Mkawasi alikatwa mguu chini ya goti. Mwezi wa Agosti mama alinipeleka hospitalini kumwona. Alinishika mkono.

“Wote wanasema ningekufa pale. Sauti yako ndiyo iliyonitoa, Mghoi. Uliliona lini?”

“Papo hapo nilipopiga kelele,” nikamjibu.

Niliolewa Desemba 1974. Mume wangu, seremala aliyeheshimika mji mzima, alifariki Machi 1981 akaniachia watoto wanne, nami niliwasomesha wote bila kupiga hodi kwa mtu. Mwaka 1984 nilijiunga na masomo ya watu wazima, na mwaka 1987 nikafaulu mtihani wa Kiingereza. Karatasi ilikuwa na swali la kupanga maneno ya mahali katika sentensi. Nilipata yote. Siku hizi wajukuu wangu huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng katika pumzi moja, na hakuna anayewavisha kitu shingoni. Juzi mdogo wao aliona nyoka jikoni, akapiga ukelele kwa neno la kwanza lililomjia, nasi sote tukatoka salama. Nilimkumbatia kwa muda mrefu hata akaniuliza nina nini.

Mkawasi yu hai. Huja kwangu kila sikukuu, hukaa kwenye kiti cha mbele, na huwasimulia watoto wangu kwamba mama yao alimwokoa. Kwa miaka yote hii nimemmiminia chai na kunyamaza. Yeye husoma Kiswahili, ndiyo sababu nimeandika kwa lugha hii. Mkawasi, sikuliona papo hapo. Nililiona likiwa bado kwenye nguzo ya ishara. Ulikuwa na muda wa kutua debe, kugeuka, na kushuka relini kwa miguu yako yote miwili.