Kiwiko cha Jenifer

Ukivunjika mguu hapa Zagayu, hata jina hujaulizwa umeshaelekezwa kwa Mayige. Kwa haki yake niseme: mama huyu anaijua kazi. Mkono au muundi uliovunjika bila kutoboa ngozi anaunyoosha, anaufunga kwa vijiti na vipande vya kanga, na baada ya wiki kadhaa mtu anarudi shambani kwenye pamba yake. Kazi aliirithi kwa baba yake. Mimi ni jirani, nimeona wengi wakiingia wamebebwa, wakatoka kwa miguu yao.

Alirithi na miiko. Mgonjwa anayetibiwa halali na mtu mpaka mfupa ushike. Mfupa ukigoma, Mayige hajiulizi mara mbili; mgonjwa amekosea, basi. Huo ni mwiko mzuri sana kwa mganga, maana kosa haliwezi kuwa lake.

Miaka sita iliyopita Jenifer, mke wa mwanawe, aliteleza kisimani akaangukia kiwiko. Mayige alimkanda kwa samli ya moto asubuhi na jioni, Jenifer akiuma kanga asipige kelele. Kadiri alivyokandwa ndivyo kiwiko kilivyokakamaa, hadi kikakataa kukunjika. Wakati huo mumewe, Maganga, alikuwa machimboni Geita. Sasa jumlisha mwenyewe kama sisi tulivyojumlisha: mwiko umevunjwa, na mume hayupo. Tulisema sana. Mimi nilisema kuliko wengi, na naona aibu kuyaandika haya. Maganga alipopata habari alioa mwingine hukohuko. Jenifer akabaki kwa mama mkwe na watoto wake wawili, akila kwa mkono wa kushoto mbele za watu kwa sababu wa kulia haufiki mdomoni.

Mwezi wa saba mwaka huu, mchana, aliletwa kijana Dastan kutoka Malampaka. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la pamba, na kiwiko kilikuwa kimevimba vibaya. Mjomba wake, Bundala, alibeba kuku wawili, chupa ya samli na picha ya eksirei. Bariadi waliambiwa mfupa umevunjika kwenye kiungo, kwa hiyo kijana apasuliwe, afungwe kwa vyuma. Wakatoroka hospitali.

"Mwadila, mayu," Bundala alimsalimia Mayige kwa Kisukuma, akimwita mama. "Vyuma hatuvitaki. Wewe mkande tu."

Nilikuwepo, nimekwenda kuazima chekeche. Wagonjwa wengine wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Mayige alivigusa vidole vya Dastan, akautazama mkono kwa muda, akamrudishia polepole.

"Rudini Bariadi. Leo hii."

"Mayu, sifa zako zimefika mpaka stesheni kwetu!"

"Kiungo kilichovunjika hakikandwi."

Bundala akacheka. "Kama kuku hawatoshi, si useme tu?"

Hapo Mayige akamwita Jenifer kutoka jikoni. Jenifer akaja, mikono ina unga.

"Gusa bega lako," Mayige akamwambia. "Kwa mkono wa kulia."

Jenifer alimtazama kama anayetukanwa. Hata hivyo alijaribu. Mkono ulibaki umenyooka mbele yake.

"Huyu nilimkanda mimi," Mayige akawaambia wageni. "Mwaka juzi nilimpeleka Bariadi akapigwa picha. Alipokwenda dirishani kuchukua dawa, daktari akaniambia mfupa mwingine umeota ndani ya nyama, umekibana kiungo. Akaniuliza nani alikuwa anakikanda. Nikanyamaza. Huyu nikamwambia amechelewa tu kufika. Hakuvunja mwiko wowote. Ni mikono yangu hii."

Bundala aliiokota chupa yake ya samli, akamshika mpwa wake bega lililo zima, wakaenda kutafuta gari la kuwarudisha Bariadi. Wawili wa kwenye benchi nao wakainuka wakaondoka bila kuaga. Mimi nilitamani kuondoka pia, lakini nilijua nilistahili kuyasikia yote.

"Mwaka juzi," Jenifer alisema. "Ulijua tangu mwaka juzi."

"Nilijua, mwanangu. Niliogopa."

"Na mimi nilikuwa napita kisimani wananicheka." Alinitupia jicho mara moja tu. Nikatazama chini.

Mayige alianza kulia. Alipiga magoti pale vumbini, mtu mzima mbele ya mke wa mwanawe, akataka kuushika ule mkono. Jenifer akauondoa.

"Simama, mayu. Simu unayo. Mpigie Maganga, umwambie kama ulivyowaambia hawa."

Mayige aliitoa simu kwenye kanga. Iliita mara nne. Maganga alipopokea, mama yake alimtaja jina, kisha akaanza kulia tena. Tulimsikia Maganga akiuliza nani amekufa. Jenifer hakumsaidia Mayige hata neno. Alisimama palepale, akamsubiri aseme.