Vidole Vyangu Vyeusi

Nakiri ujinga wangu: niliacha dawa ya selimundu kwa sababu ya kucha. Miezi michache baada ya kuanza vile vidonge, kucha zilipata michirizi myeusi na vifundo vya vidole vikawa kama vimeungua. Kila asubuhi nilivipeleka dirishani kuvikagua, roho juu. Hapa Tunduma, mwenye vidole vya namna hiyo anajulikana: anapaka mkorogo wa kujichubua kutoka ng'ambo ya mpaka. Nesi alishanionya kuwa weusi huo unaletwa na dawa tu, lakini mimi, mtu wa kukaa ndani ambaye hata sokoni naenda kwa kusukumwa, niliogopa midomo ya watu kuliko ugonjwa niliozaliwa nao.

Wiki ya tatu bila dawa, maumivu ya mifupa yaliniangusha uani. Mama jirani alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata gari la kwenda hospitali Vwawa. Ndani ya gari nikamweleza yote, nikilia. Akavitazama vidole vyangu.

"Kwa mkorogo tulishakusema mpaka tukachoka," akasema. "Meza dawa zako, dada. Weusi wa vidole haunilemei, mzito ni wewe."