Dramu ya Mashoto

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema hili mapema ili msomaji asinishangae mbele ya safari. Kikombe chenye alama ya midomo ya mtu mwingine hakigusi kinywa changu hata kama koo limenikauka. Mtu akilamba kidole ndipo afunue ukurasa, kitabu hicho nimemwachia. Mume wangu, aliyekulia katikati ya ng'ombe na ambaye hajawahi kumaliza siku bila samadi kwenye gambuti, hupenda kuniambia kwamba nilipaswa kuolewa na kipande cha sabuni.

Binti yetu alikuwa na miaka tisa alipotuomba dramu. Kupiga alikuwa anapiga zamani. Alipiga mabeseni yaliyofunikwa, alipiga sufuria, alipiga mikebe ya maziwa kabla haijapelekwa barabarani, na alipiga kwa mpangilio uliomfanya hata baba yake atikise kichwa bila kujua. Lakini kilichonifanya mimi nilichukue ombi lake kwa uzito ni mkono wake. Mtoto wetu ni mashoto. Na tangu aanze shule, watu wazima walikuwa wameuandama ule mkono wa kushoto utadhani ni mbwa aliyeingia kanisani.

Mwalimu alimhamishia kalamu mkono wa kulia. Mama wa shule ya Jumapili alimrudishia sadaka yake mbele ya wenzake na kumwambia aitoe tena kwa mkono mzuri. Sadaka ileile. Nilipoenda kulalamika, aliniambia kwa tabasamu kwamba wanamsaidia. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika hadi masikio yananiwaka. Kidogo kidogo mtoto akaanza kuuvuta mkono wa sweta hadi ukafunika vidole, upande wa kushoto tu, na kwa baridi ya kwetu hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliona. Mkono ulikuwa ukitoka mafichoni wakati mmoja tu, alipokuwa akipiga mabeseni yake. Hapo ndio uliokuwa unaongoza, na ule wa kulia unaufuata. Nilijiambia kwamba akipata kitu kimoja cha maana ambacho mkono ule ndio bwana, utaacha kujificha. Hiyo ndiyo dramu niliyokuwa naitafuta.

Nyumbani kifaa chenyewe kilikuwa na majina matatu kabla hakijanunuliwa. Mume wangu, Mkipsigis, alikiita tramu. Mtoto alisema drum set. Nilijaribu kusema ngoma, kama Kiswahili kinavyotaka, mama yangu akaniomba kwa simu nikome. Kwa Kikuyu chetu ngoma ni mashetani, na hakutaka kusikia kwamba mjukuu wake ananunuliwa seti nzima ya mashetani na wazazi waliookoka. Tukakubaliana na dramu.

Mume wangu alikuwa na hofu moja tu. "Hiyo kitu ikianza kulia, ng'ombe watashikilia maziwa," alisema. Akapendekeza ile ya stima, yenye vidude vya kuvaa masikioni, mtoto apige na sisi tusisikie kitu. Wazo zuri, ila kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri na stima hupotea nayo. Mtoto angepata dramu asubuhi akiwa shuleni, na jioni angekuwa na meza ya plastiki.

Kwa hiyo Jumamosi moja tulianza na Kericho mjini, kwenye duka la spika na vifuniko vya simu. Kijana wa pale alitutolea seti nyekundu ya watoto. Ilinuka kama slipa iliyoangukia motoni. Matoazi yake yalikuwa kama kifuniko cha sufuria nyepesi, na ngozi za juu zilikuwa karatasi ya nailoni ambayo ukucha ungeipasua. Kijana alilamba kidole gumba, akafungua mfuko wa karatasi, akatoa vijiti na kunipa, mate yake na yote. Nilivipokea kwa ncha za vidole.

"Ni ya toto, mama. Imetoka ng'ambo," alisema.

Mtoto alipiga mara moja. "Mum, inalia kama ndoo," akaninong'oneza. "Na ndoo tuko nayo."

Tukatoka. Nilinawa mikono kwa maji ya chupa kando ya barabara huku watu wakiniangalia.

Wiki iliyofuata nikasikia kwamba kanisa moja huko ndani, ukiacha lami pale Kedowa, limenunua dramu mpya na linauza ya zamani. Nilichukua pikapu ya maziwa, nikampakia binti yangu, tukaingia barabara ya matope hadi tukafika. Mzee wa kanisa alitupokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, na koti la suti juu ya gambuti. Akatuongoza nyuma ya kanisa kwenye stoo ya mabati.

Nikisema ile stoo ilikuwa chafu nitakuwa nimeipamba. Kulikuwa na magunia ya mbolea yaliyopasuka, viti vya plastiki visivyo na miguu, na harufu ya mkojo wa panya iliyonichoma puani hadi machozi yakanilenga. Dramu ilikuwa kwenye kona, imefunikwa bango la mkutano wa injili. Kiti cha mpigaji kilikuwa kimenyonya jasho la vijana wa miaka mingi, na ngozi yake inanata. Vijiti vilikuwa vimetafunwa. Si na panya, na watu. Niliona alama za meno.

"Hii tramu ni ya kitambo, lakini bado iko nguvu," mzee alisema. "Si hizi za siku hizi."

Ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu ilikuwa na tundu mbele, na ndani walikuwa wameshindilia blanketi kuukuu ili isivume sana. Mzee akaingiza mkono wa kulia, akalivuta. Blanketi likatoka na vumbi, mavi ya panya, na ndani ya mkunjo wake vitoto vya panya, vya waridi, havina manyoya, vinajinyonganyonga. Mate yakanijaa mdomoni na nikashika mlango. Mzee hakushtuka hata kidogo. Aliviokota kwa mkono uleule, kimoja kimoja, akavitupa nje kwenye nyasi, akajipangusa kwenye suruali.

Kisha, ili mtoto asiogope, akaingiza mkono huohuo mfukoni, akatoa switi, akaimenya karatasi, akamnyoshea.

Sijui kwa nini sikupiga kelele. Nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu wakati binti yangu alipoinua mkono kupokea. Mkono wa kushoto, maana alikuwa ameduwaa na dramu na amesahau kujichunga. Mzee akairudisha switi kifuani kwake.

"Aah, aah. Mkono gani hiyo, kasichana? Hiyo ni ya choo. Leta ile ingine."

Naomba mnielewe. Mkono wa mtoto wangu ulikuwa umeoshwa kwa sabuni kabla ya safari, nikiwa nimesimama hapo. Wake ulikuwa umetoka kubeba vitoto vya panya. Na yeye ndiye aliyekuwa amekunja pua! Nilimtazama yule mtu na kila kitu chake kikanitia kichefuchefu, kuanzia kola yake mpaka upole wake. Upole ndio ulionizidi. Afadhali angefoka.

Mtoto alivuta sweta, akafunika vidole, akapokea switi kwa mkono wa kulia. "Asante," akasema. Akaitia mdomoni kabla sijamfikia.

"Sasa piga tusikie," mzee akamwambia.

Binti yangu akakaa kwenye kile kiti. Dramu hupangwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia: matoazi ya kukanyaga yako upande wa kushoto, na ile kubwa inangojea mguu wa kulia. Mtoto akashika vijiti akapiga vile vile ilivyopangwa, mkono wa kulia ukiongoza, na alipiga vibaya. Alipiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Mzee akafurahi. "Unaona? Anaweza!"

Nilisema dramu igeuzwe, kila kitu kihamie upande wa pili. Mzee akacheka. Hii haigeuzwi, aliniambia, imekaa hivyo tangu inunuliwe, na mtoto ni wa kurekebishwa angali mdogo.

"Mzee, kwenu mnachuma chai na mkono gani?" nikamuuliza.

"Na zote mbili, mama. Utajaza kikapu aje na mmoja?"

"Na pale kituo cha majani, karani ameshakuuliza ni gani ilichumwa na kushoto?"

Akarekebisha koti lake, wala hakusonga. Kwa hiyo mimi, ambaye siwezi kushika mlango wa choo cha hoteli bila tishu, nilikunja mikono ya blauzi nikaanza kuhamisha vyuma. Vilikuwa vinanata. Kitu kiliingia chini ya kucha yangu na mpaka leo sitaki kujua kilikuwa nini. Mtoto alishuka akanisaidia kuisukuma ile kubwa, akiikumbatia, sweta lake likigeuka rangi ya vumbi. Hakuhitaji kuambiwa kila kitu kinaenda wapi. Alikuwa ameshaona kwenye simu ya baba yake jinsi mashoto wanavyoipanga.

Alipokaa tena, alipandisha mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Akapiga.

Sina ujuzi wa muziki. Naweza kusema tu kwamba mabati ya stoo yalitetemeka, na vumbi likashuka kutoka kwenye boriti, na mimi nikasahau harufu. Ile dramu, pamoja na uchafu wake wote, ilikuwa na sauti ya kweli. Mtoto alijua. Alipomaliza alinivuta sketi. "Mum, nataka hii."

Nilitaka kuondoka. Nilitaka kuondoka hata kama ingekuwa dramu ya dhahabu, kwa sababu sikutaka mkono wangu uguse mkono wa yule mtu katika biashara ya aina yoyote. Lakini sikuja kuchagua mzee. Nilikuja kuchagua dramu, na aliyepaswa kuichagua alikuwa ameshaichagua. Nikalipa. Tukapakia.

Hatukuachiliwa hivi hivi. Mzee alisema lazima tuombee chombo. Aliomba kwa muda mrefu, ameweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, kile kiganja, na mwisho akamwomba Mungu aunyoshe mkono wa binti huyu na kuufanya kama wa watoto wengine. Mimi sikufumba macho wala sikuitikia amina. Nilikuwa nakiangalia kiganja kwenye nywele nilizozisuka jana yake, na uso wangu ulikuwa umekunjamana hadi mashavu yananiuma.

Tulirudi kwenye matope yale. Tulipofika lami pale Kedowa nilisimamisha gari kwa mama mmoja anayechoma mahindi, nikanunua mawili yenye pilipili na ndimu. Nilidhani mtoto angekuwa anarukaruka. Badala yake alikuwa amekaa karibu na mlango, amenywea, mkono wa kushoto umerudi ndani ya sweta. Alipokea hindi kwa mkono wa kulia na kuanza kulihangaikia. Lilimponyoka likaangukia mapajani.

"Tumia mkono wako," nikamwambia.

Hakuutoa. Alikuwa anaangalia nje.

"Mum, ni mkono yangu ulikuwa unaskia kinyaa?"

"Mimi? Nani amekwambia?"

"Hakuna. Ni uso yako. Tangu tuingie pale ulikuwa umeikunja hivi." Akanigeukia, akanionyesha. Alikunja pua, akavuta mdomo upande, akashusha kope. Alinipata sawasawa. Nilikuwa najiona mwenyewe kwenye uso wa mtoto wa miaka tisa, na nilikuwa wa kutisha kuliko yule mzee. "Uliikunja zaidi nilipotoa mkono ya switi. Ukaendelea mpaka maombi."

Nilifungua mdomo kumweleza. Kwamba ilikuwa panya, kwamba ilikuwa kiganja cha yule mtu, kwamba ilikuwa kiti na vijiti na ile sala. Lakini mtoto alikuwa hajasoma maelezo hayo popote. Alichokuwa nacho mchana kutwa ni uso wangu, na uso wangu ulikuwa umemwambia jambo lilelile ambalo shule na kanisa walikuwa wamemwambia. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia mbele ya lile blanketi.

"Nipukuchulie," nikasema. "Na kushoto."

Alinitazama kwanza kuona kama natania. Kisha akauvuta mkono nje ya sweta polepole. Ulikuwa mweusi hadi kwenye mikunjo ya vidole, kwa kuikumbatia ile dramu kubwa. Alipukuchua punje kadhaa, akazikusanya kiganjani, akasita. Nikainama na kufungua mdomo, akanilisha.

Kulikuwa na ndimu, kulikuwa na pilipili, na kulikuwa na chengachenga za ile stoo ambazo ulimi wangu ulizitambua mara moja. Mtoto alikuwa ameacha kula, ananikazia macho usoni, hapepesi. Nilitafuna bila kuharakisha, uso umetulia, nikameza. Nikafungua mdomo tena.