Ukuta wa Nyanya na Gitaa la Kaka

Jumamosi nilirudi mtaani Saltley kufagia nyumba yetu ya zamani kabla ya kurudisha funguo. Nilitoka kazini moja kwa moja, miguu imekufa ganzi, nikaketi sakafuni nikaegemea ule ukuta wa sebuleni tuliogawana na jirani. Hapo nikakumbuka gitaa. Sina hakika nakumbuka sawasawa, lakini nitakueleza nilivyosikia.

Kaka yangu alipenda pop punk. Aliponieleza nilikuwa namenya vitunguu saumu, kwa hiyo nusu ilinipita. Punk, alisema, ilianza na vijana wenye hasira: gitaa chafu, nyimbo fupi, mbio tupu. Baadaye wengine wakaitia sauti tamu ya kuimbika, na maneno ya shule, ya kuchoshwa na mtaa, ya kuachwa na msichana. Kuna wanaosema ni ya Wamarekani, na kuna wanaosema mbegu yake ni ya hapa hapa Uingereza. Sina shule ya kuamua. Labda kila upande una haki yake.

Nyanya hakutaka gitaa nyumbani. "Hii ni nyumba ya swala," alisema, na hakuwa mkali. Ndivyo alivyolelewa Garissa. Basi gitaa likaishi, bila yeye kujua, kwa jirani, Mkongo aliyepiga muziki kanisani, sote tukimwita Papa. Jioni harufu ya pondu yao, kile kisamvu, ilipita dirishani, na mlio ukapita ukutani: kaka ameziba nyuzi kwa kiganja, duk-duk-duk kama cherehani, halafu anaziachilia, chumba kinajaa. Juu yake anaimba kwa pua.

"Petit, unakimbia vile, nani anakufukuza?" Papa alimuuliza, akimwita "mdogo" kwa Kifaransa chake.

"Ndio style, Papa! Ikitembea si yenyewe."

Nyanya, akipika anjera, alidhani ni mtoto wa kanisani. "Huyu ana mafua," alisema. "Na analia ama anasherehekea? Achague moja." Maghrib ikifika aligonga ukuta kwa mwiko, wakanyamaza.

Siku moja, akimpa kaka sahani, alimshika vidole. Ncha zilikuwa zimeota sugu za nyuzi. Nyanya akaviachia, akarudi jikoni. Kaka akaninong'oneza, "It's over. Nitauza gitaa." Papa aliposikia akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, ukikataza, miye naacha kumufundisha. Ni mutoto wako."

"Gitaa lisivuke mlango wangu," Nyanya akajibu. "Huko kwako sina amri."

Hatukujua kama ni ruhusa ama ametususia. Kesho yake kaka alienda, akapiga polepole kama mtu anayeiba. Maghrib Nyanya akagonga, kimya. Akaswali, akakunja mswala, kisha akauchukua mwiko akagonga tena. Kimya. Akagonga kwa nguvu.

"Amelala huyo?" akaniuliza.

Ndipo gitaa likaanza, mbio.

Ikawa desturi yao, na sikuwahi kuwasikia wakiizungumzia. Labda Nyanya aliupenda ule muziki. Labda alitaka tu kujua mjukuu wake yuko wapi jioni. Sitamsemea.

Nyanya tumeshamzika. Papa alihama. Kaka anaendesha forklift huko Nechells, na gitaa sijui liko wapi. Tukionana sote tumechoka, tunaulizana afya basi.

Jumamosi, kabla sijainuka, niliugonga ule ukuta. Ng'ambo kulikuwa na televisheni ambayo hata sikuwa nimeisikia vizuri. Ikapunguzwa mara moja.

"Sorry!" mtu akasema.

Nikagonga tena, kumwambia aendelee. Akaizima kabisa.