Masika Evode Alipoingia Jikoni

Claudette alizikwa mwishoni mwa Januari, na juma lililofuata mumewe Evode akagundua kwamba hajui chumvi ya nyumba yake inakaa wapi.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tisa, mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwani, kama baba yake, mwenye viganja vilivyokomazwa na kamba na maji baridi ya ziwa. Jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, alikuwa akichungulia tu kuuliza kama chakula ki tayari. Claudette alilalamikia kichwa siku mbili. Siku ya tatu akaanguka pale kwenye bomba la maji, ndoo yake ikiwa haijajaa, na hakuamka tena. Alimwacha Evode na mtoto mmoja, Belise, wa miaka tisa.

Waombolezaji walipotawanyika, mama yake Claudette, Mukarugwiza, alibaki siku mbili kabla ya kurudi kwake Bugeshi, kule juu penye baridi na mashamba ya viazi. Alikuwa mama wa maneno machache. Mtu na mama mkwe wake hawakodoleani macho, kwa hiyo alizungumza akiwa ameutazama mlango.

"Mukwe wangu, mutoto wa kike hawezi kulala peke yake wakati baba yake iko mu ziwa. Nitaenda naye."

Belise alikuwa ameketi kizingitini, anafunga kamba za viatu.

"Mama, unihurumie," Evode akasema. "Unipe mupaka Pentekoste. Iko na komunyo yake ya kwanza. Kama nimeshindwa kumulisha, mi mwenyewe nitamuleta."

"Kumulisha? We?" Mukarugwiza hakuwa anamcheka. Alikuwa anauliza kweli. Kisha akashusha pumzi. "Bon. Mupaka Pentekoste."

Suala la usiku lilitatuliwa na jirani yao Denyse, karani wa ofisi moja mjini, mwanamke aliyekulia Goma na ambaye alikuwa shoga yake Claudette. Alisema Belise atalala kwake siku zote Evode anapokuwa ziwani. Kilichobaki kilikuwa chungu na moto.

Maharage ya kwanza aliyabandika saa tano akitegemea yaive saa sita, mtoto anaporudi shuleni kula. Yalikuwa magumu mdomoni kama kokoto. Belise alitafuna machache, akaweka kijiko chini taratibu.

"Nimeshiba, Papa."

Maneno hayo Evode aliyasikia Februari yote. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, bila kuyatwanga vya kutosha, yakawa malisho ya mbuzi. Alisonga ugali wa muhogo ukamshinda nguvu, yeye aliyekuwa akivuta nyavu, ukaganda mabonge mabonge. Kule mwaloni wenzake walipomwona akibeba fungu la vitunguu na majani ya muhogo wakaangua kicheko, mmoja akamwita Mama Belise. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Evode akapanda mlima na vitunguu vyake.

Mvua za masika zikaanza Machi. Mkaa ukawa na unyevunyevu, moshi ukajaa kibandani, na macho yake yakawa mekundu kutwa nzima, hata watu wakafikiri analia. Lakini masika yana fadhila zake pia: lengalenga, mchicha wa huko, ziliota hadi kando ya choo, maharage mabichi yakashuka kutoka mashamba ya Kanama, laini, yasiyohitaji saa nne za moto. Akajifunza kukaanga sambaza kwa kitunguu na nyanya mpaka mifupa ivunjike kama ganda la karanga. Akajifunza kuonja. Kufikia Aprili Belise alikuwa anamaliza sahani, kila siku, hata siku ambazo Evode mwenyewe aliona chakula hakikukaa sawa. Akafurahi. Aliona amevuka.

Jambo moja tu lilimtisha. Tangu mazishi mtoto hakuwa amelia, wala hakuwa amemtaja mama yake.

Pasaka ilipokaribia, Evode akakumbuka keki. Kila mwaka Claudette alioka moja, si katika joko, maana hawakuwa nalo, bali kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Akaenda kumuuliza Denyse, ambaye ndiye aliyemfundisha Claudette.

"Unaweka muchanga mu sufuria kubwa," Denyse akamweleza akihesabu kwa vidole. "Ile ndogo inaingia ndani, unafunika, juu ya kifuniko unatia makaa. Kidogo, Evode! Hauchomi mahindi."

Keki ya kwanza, ya Jumamosi Kuu, ilitoka juu nyeusi kama lami na katikati uji. Kuku wa jirani ndio waliosherehekea. Jumatatu ya Pasaka akarudia. Safari hii makaa yalikuwa machache, harufu ya siagi na mayai ikajaa kibandani, naye akashikwa na wasiwasi. Akafunua kifuniko. Akafunika. Akafunua tena. Denyse alipopita akamkuta ameiinamia ile sufuria ndogo, mvuke unampiga usoni.

"Evode! Keki si wavu, haivutwi kila saa kuona kama kuna samaki!"

Alikuwa amechelewa kumwonya. Keki ilikuwa imetitia katikati, shimo la kuingia ngumi. Evode akaibwaga kwenye sinia na kusimama, akiwatafuta kuku kwa macho.

"Usitupe," Belise akasema mlangoni.

"Imeharibika, mama. Nitapika ingine."

"Haikuharibika. Ya mama ilikuwa hivi. Iko na shimo."

Evode akatazama. Ilikuwa kweli. Claudette hakuwa na subira na kifuniko, na keki zake zote zilititia. Miaka kumi alizila na hakuwahi kuzitazama. Belise akachuchumaa mbele ya sinia, akamega pale shimoni palipo na unyevu, akala, akamega tena, na kwa mara ya tatu mkono ukasimama njiani. Akaanza kulia na mdomo umejaa. Alilia kama mtoto mdogo wa miaka mitatu, kwa sauti, makombo yakimdondoka kifuani. Evode akapiga magoti kwenye majivu na kumshika. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hakuna jirani aliyewasikia, na baba naye akajiachia.

Baada ya siku hiyo mtoto akafunguka. Alikuwa akirudi shuleni anakaa jikoni, anachambua lengalenga, anasema mama alikuwa anafanya hivi, mama alikuwa anatia kile. Mwezi wa Mei walipika pamoja karibu kila siku, na mara mbili tatu Evode alimsikia akiimba.

Wiki mbili kabla ya Pentekoste Denyse alikuja kwao mchana, saa ambayo huwa yuko kazini. Hakukaa.

"Wananihamisha Kigali. Mwezi wa sita napaswa kuwa kule. Nimeomba nibaki, wamekataa."

Evode akahangaika. Aliulizia kibarua cha mchana kwenye majengo, akaambiwa mvua ikate kwanza. Aliwaendea majirani wengine, lakini kila nyumba ilikuwa na watoto wanaolala wanne mkekani. Akaacha kwenda ziwani siku tano. Siku ya sita kiongozi wa boti akamwambia, kwa upole, kwamba kuna mtu mwingine anaitaka nafasi yake. Hakuna aliyekuwa mbaya. Njia tu ilikuwa imekwisha.

Siku ya Pentekoste Mukarugwiza alishuka kutoka Bugeshi na kikapu cha viazi. Belise alivaa gauni jeupe alilolipunguza Denyse. Kulikuwa na wali, sambaza, maharage yaliyoiva hadi mchuzi mzito, na keki. Bibi alikula, akapangusa vidole.

"Umemulisha kweli," akauambia mlango.

"Ndiyo, mama. Lakini nitamuleta. Denyse anaenda, na mi sina mutu wa usiku."

Belise alisikia. Akaja akasimama mbele ya baba yake, shada la maua limemwegemea upande mmoja kichwani.

"Papa, mi nilikula yote."

"Najua, mama."

"Ulimuambia Bibi ukishindwa kunilisha, ataniondoa. Nilikula yote. Hata ile yenye kuungua. Mwanzo ilinishinda, kisha kila siku nilikula yote."

Evode akalinyoosha lile shada kichwani mwake. Zile sahani tupu alizokuwa akizifurahia, kumbe mtoto alikuwa anazimaliza kwa hofu, kijiko kwa kijiko, ili asipelekwe. Akamvuta, akamwambia kwamba hajakosa, kwamba hakuna aliyekosa, na alijua wakati anasema kuwa maneno hayo hayamsaidii mtoto kitu.

Alimpeleka Bugeshi Jumamosi ya pili ya Juni, begi la nguo mgongoni. Chai ilipokwisha, Mukarugwiza akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Evode aoe kwake. Alimwita jikoni.

"Mutoto anasema iko na keki ya mama yake," akasema, macho yake kwenye mafiga. "Mi sikumufundisha. Alijifunzia kwenu. Nionyeshe namna alikuwa anafanya."

Basi wakapika, mkwe na mama mkwe, kila mmoja akijitahidi asiguse mkono wa mwenzake kwenye bakuli. Evode alieleza mchanga, sufuria ndogo, makaa machache juu. Mama mkwe alirudia kila neno polepole, kama anayejifunza sala. Alipofika kwenye mayai akaacha kupiga, akageukia ukuta. Evode akaushika mwiko, akaendelea kukoroga mpaka mama alipogeuka.

Evode hakungoja keki iive. Ilikuwa mwendo mrefu, na boti zilitoka jua likizama. Belise alimsindikiza hadi kwenye ua wa miti, akampa mkono kama mtu mzima, akarudi akitembea, hakukimbia.

Kesho yake simu ya bibi ikaita.

"Papa, tumekula. Mi na Bibi."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa. Ulikula nini, Papa?"

"Maharage," Evode akasema, ingawa tangu jana hakuwa amewasha jiko.

"Utakuja lini?"

Akahesabu. Usiku wa mwezi mpevu sambaza hawazifuati taa za wavuvi, na boti hubaki nchi kavu.

"Mwezi ukijaa," akamwambia.

"Siku ngapi?"

"Kumi na sita."

Upande wa pili akamsikia mtoto akianza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Evode akakaa na simu sikioni hadi alipofika mwisho.