Ochoki Ajisikiliza

"Loo! Nani huyo anayepiga hivyo?" Ochoki aliropoka, simu ikamponyoka na kuangukia kapu la kuchumia chai.

Nani tena, jamani, na nyumbani alikuwa yeye na mkewe tu? Alikuwa amejirekodi akipiga obokano, lile zeze kubwa la nyuzi nane, ili ajisikilize kabla ya kwenda studio mjini Nyamira. Miaka ishirini mtu anapiga harusini na matangani, na hajajisikiliza hata siku moja!

Wimbo ulianza vizuri, taratibu. Ulipofika kwenye kiitikio, mapigo yakatimua mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Akapiga upya na kujirekodi tena, safari hii akihesabu kwa mguu. Palepale! Mbio zikaanza tena.

Maana kosa hilo alilijua. Ndilo alilomfukuzia Makori, mdogo wake, aliyekuwa akimpigia njuga za miguuni. Alimfukuza harusini kule Keroka, bibi harusi akiwa wima anatazama: "Unaniharibia mwendo! Nenda ukachonge mawe!" Makori alivua njuga, akaenda Tabaka kuchonga mawe kweli. Huu ulikuwa mwaka wa sita hawasemezani.

"Mama Lorna," alimwambia mkewe Nyanchoka, "kumbe ni mimi. Siku zote ni mimi!"

Nyanchoka alimwekea simu mfukoni. "Basi usiniambie mimi. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Alimkuta Makori kule Tabaka akisugua sanamu ya kiboko ya jiwe kwa msasa, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope. Ochoki alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamtoroka. Akabonyeza simu tu. Kiitikio kilipofika, miguu ya Makori ikaanza kupiga chini, ikakimbia na obokano pigo kwa pigo, bila kukosea hata mara moja.

Ochoki akaduwaa. Miguu hiyo ilikuwa inaijua kila mbio yake.

"Ulijua?"

"Tangu mwanzo, kaka." Makori alipangusa kiboko chake. "Ukikimbia, nami nakimbia. Ningebaki nyuma, watu wangejua ni wewe."

Ochoki alifungua mdomo aombe msamaha. Akaketi vumbini na suruali yake ya kanisani, akilia waziwazi, na simu mkononi ikiendelea kupiga ule wimbo.